Habari za Ndege Adimu

Kingolwira ni mahali palipo upande wa mashariki wa mji wa Morogoro, katika nchi tambarare ipitiwayo na reli ya kati na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Mtu asimamapo hapo asubuhi, akatazama upande wa kusini, huiona milima ya Uluguru imesimama kama ukuta, na mara nyingi vilele vyake vimevikwa ukungu. Kilele cha Lupanga, kilicho juu ya mji wa Morogoro, hupita mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kile cha Kimhandu, kilicho kusini zaidi, hupita mita 2,600. Katika misitu ya milima hiyo ndimo yanamoanzia maji ya mto Ruvu, ambayo hunywewa hata na watu wa Dar es Salaam.

Nchi yenye tambarare, mabonde ya maji na milima mirefu, tena vyote vikiwa karibu karibu, haikosi kuwa na ndege wengi wa namna nyingi. Wengine huonekana kila siku, kama njiwa, kunguru na shorewanda. Wengine mtu aweza kukaa miaka mingi asiwaone hata mara moja. Hao ndio waitwao ndege adimu. Lakini uadimu si wa namna moja, na yafaa kuzijua namna zake kwanza, kabla ya kusema jambo lililo kubwa zaidi, yaani namna ya kuzitangaza habari za ndege hao.

Namna ya kwanza ni ndege ambao tangu asili nchi yao ni ndogo. Mwaka 1926 mtaalamu wa wanyama aitwaye Arthur Loveridge alikuja katika milima ya Uluguru kukusanya viumbe kwa ajili ya jumba la makumbusho huko Marekani. Miongoni mwa ndege aliowapata alikuwamo mmoja mwenye kichwa cheusi kinachong'aa, mgongo wa kijani na kifua cha manjano. Wataalamu walipomchunguza waliona kwamba hajapata kuandikwa katika kitabu cho chote, na mwaka 1927 akapewa jina la Malaconotus alius. Ndege huyu hukaa juu sana katika matawi ya miti mikubwa, na tangu siku hizo mpaka leo hajajulikana kuishi mahali pengine duniani ila katika milima ya Uluguru. Yuko pia chozi mmoja, ndege mdogo anyonyaye maji matamu ya maua, ambaye naye ni wa Uluguru peke yake. Huyo aliitwa kwa jina la Loveridge. Ndege wa namna hii wakiangamia hapa, wameangamia ulimwenguni kote, maana hakuna ndugu zao waliobaki nchi nyingine wa kuwarithi.

Namna ya pili ni ndege waliokuwa wengi zamani nao wamepungua. Mfano wake ni korongo taji, yule ndege mrefu wa mabondeni, mwenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani. Wenyeji wengi wa Afrika Mashariki wamjua kwa uzuri wake na kwa ngoma yake, maana dume na jike huinama, huruka na kufungua mabawa kana kwamba wanacheza. Hutaga mayai mawili au matatu katika majani ya bwawa. Mabwawa mengi yamelimwa au kukaushwa, na ndege wenyewe wamekamatwa wakiwa hai wauzwe kwa watu wapendao kuwafuga kuwa mapambo ya nyumba. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2012 korongo taji amehesabiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini duniani.

Namna ya tatu ni ndege wapitao tu. Hao si wachache kwao, lakini hapa huonekana kwa siku chache za mwaka. Mmoja wao ni kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya kozi, alaye wadudu. Huzaa katika nchi za mashariki ya Urusi na kaskazini ya China, kisha hupita India, huvuka Bahari ya Hindi pasipo mahali pa kutua, na kuipitia Afrika Mashariki akienda kusini ya Afrika. Mtu wa Kingolwira amwonapo angani wakati wa mvua za vuli, amwona msafiri aliyetoka mbali kuliko mtu ye yote wa kijiji chake.

Zamani mtu alipomwona ndege wa ajabu, habari zake hazikwenda mbali. Aliwaambia watu wa nyumbani, pengine na jirani zake, na labda mwalimu akaandika katika daftari. Siku hizi mambo yamegeuka. Watu wengi wana simu za mkononi zenye kupiga picha, na simu hizo zimeunganishwa na mtandao wa intaneti, ambao ni kompyuta na simu za dunia nzima zipelekeanazo habari. Picha iliyopigwa asubuhi kando ya mto Ngerengere yaweza kutazamwa London au Chicago kabla mpigaji hajafika nyumbani kunywa uji. Tena haitazamwi na watu wawili watatu tu, bali na watu ambao hesabu yao haijulikani, wala nia zao hazijulikani.

Je, jambo hilo ni jema au ni baya? Jibu si moja. Njia nzuri ya kulipata ni kutazama habari mbili za kweli, ya kwanza ya India, na ya pili ya hapa hapa chini ya milima ya Uluguru.

Huko India, katika jimbo la Nagaland, kuna ziwa lililofanywa na watu kwa kuziba mto Doyang. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba na Novemba, makozi wa Amur hukusanyika hapo kwa maelfu ili wapumzike kabla ya kuvuka bahari. Wavuvi wa mahali hapo walijua hayo, wakatega nyavu katika miti walalapo ndege. Mwaka 2012 watu wachache wapendao viumbe walifika huko, wakaona makozi wakinaswa na kuuawa kwa wingi usioaminika. Katika majira hayo peke yake walikadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Wageni wale walipiga picha, wakazitoa katika intaneti. Watu wa nchi nyingi walipoziona walihuzunika, wakapaza sauti. Serikali ikaingia kazini. Wazee wa vijiji na viongozi wa makanisa wakashauriana na watu wao. Na mwaka uliofuata, yaani 2013, nyavu hazikutegwa tena. Mwaka ule ule ndege watatu walifungwa vyombo vidogo vya kuonyesha njia yao, wakapewa majina ya Naga, Pangti na Wokha, nao wakafuatwa kwa mitambo mpaka Afrika. Hivyo habari iliyotangazwa upesi iliokoa ndege wengi, na hapana shaka baadhi yao huruka juu ya mashamba ya Morogoro.

Habari ya pili si ya ndege bali ni ya mjusi, lakini mafundisho yake ni ya ndege pia. Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, chini kabisa, uko msitu mdogo uitwao Kimboza, ambao eneo lake ni hektari mia nne hivi. Humo hukaa mjusi mdogo sana, mwepesi, ambaye dume lake ni la rangi ya samawati inayong'aa kama ushanga. Loveridge yule yule ndiye aliyeandika habari zake mara ya kwanza, mwaka 1952. Huishi juu ya miti ya jamii ya mkadi yenye majani marefu ya miiba, naye hapatikani ila katika Kimboza na misitu michache iliyo karibu. Kwa muda wa nusu karne mjusi huyo alikaa salama, maana watu wa mbali hawakumjua wala hawakumtaka.

Kisha picha zake zikaenea. Watu wa Ulaya, Marekani na Asia wapendao kufuga mijusi katika masanduku ya vioo wakamwona na kumtamani, na wafanya biashara wakajua ni wapi pa kumtafuta, maana msitu ulikuwa mmoja tu, tena jina lake lilikuwa wazi. Imekadiriwa kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua katika msitu wa Kimboza mijusi zaidi ya 30,000. Ili kuwapata, walikata ile mikadi waishimo, hata waliobaki wakakosa nyumba. Hatimaye nchi zilizofungamana katika mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, uitwao CITES, zilikutana Johannesburg mwaka 2016, zikakubaliana kwamba mjusi huyu asiuzwe tena kutoka mwituni kwenda nchi za nje, na amri hiyo ikashika tangu Januari 2017. Mwaka ule ule wa 2016 Serikali ya Tanzania nayo ilisimamisha upelekaji wa wanyama hai nchi za nje. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mijusi iliyokwisha kuchukuliwa haikurudi Kimboza.

Sasa habari hizi mbili zilinganishwe. Zote mbili ni habari za kiumbe, picha na intaneti. Mbona moja ilileta uzima, na nyingine ikaleta maangamizi? Tofauti iko hapa. Katika Nagaland, wale waliokuwa wakiwaua ndege walikwisha kupajua mahali pale. Picha hazikuwafundisha neno jipya; waliofundishwa ni walinzi, ambao hapo kwanza hawakujua kitu. Katika Kimboza ilikuwa kinyume chake. Walinzi hawakupata neno la kuwasaidia, bali wakamataji walifundishwa yale mawili waliyoyahitaji, yaani kiumbe gani, na yuko wapi. Basi mtu mwenye habari ya kiumbe adimu hana haja ya kujiuliza, "Je, nitangaze au ninyamaze?" Ajiulize hivi: "Habari hii yamfundisha nini mlinzi, nayo yamfundisha nini mwindaji?" Akipata jibu la maswali hayo mawili, ataona wazi ni maneno gani ya kusema na ni yapi ya kuzuia.

Tena swali hilo lina uzito zaidi katika majira ya uwindaji. Uwindaji wenyewe si kosa kwa mtu aliyepewa ruhusa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kila mwindaji awe na leseni, yenye kutaja mnyama au ndege anayeruhusiwa kumpiga. Watu hupewa leseni za kuwinda ndege walio wengi, kama kanga, kwale na njiwa, na mwindaji mwema aifuataye sheria hamgusi korongo taji. Kwa desturi ya Tanzania majira ya uwindaji wa watalii huanza mwezi wa Julai, masika yakiisha kupita. Wakati huo nyasi zimekauka au zimeungua, njia zapitika kwa gari, nayo maji yamebaki katika madimbwi machache, ambako ndege hukusanyika. Yule atembeaye na bunduki wakati wa masika huulizwa na kila mtu anakwenda wapi. Lakini katika majira ya uwindaji mlio wa bunduki haumshangazi mtu, na mjangili aweza kujificha kati ya wawindaji wa halali kama mwizi ajifichavyo sokoni. Kwa hiyo habari ambayo mwezi wa Aprili ingekuwa na hatari ndogo, mwezi wa Agosti huwa na hatari kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni siri iliyomo ndani ya picha. Simu hupokea alama kutoka mitambo izungukayo dunia juu angani, na kwa alama hizo hupiga hesabu na kujua ilipo. Mara nyingi simu ikipiga picha, huandika hesabu hiyo ndani ya picha yenyewe, ingawa macho hayaioni. Mtu hudhani ametuma sura ya ndege tu, kumbe ametuma na njia ya kumfikia. Amri ya kuandika mahali yaweza kuondolewa katika simu, na mtu apigaye picha za viumbe adimu hana budi kujua namna ya kuiondoa.

Hesabu hiyo ni ile ile ya ramani ifundishwayo shuleni, yaani nyuzi za kusini na za mashariki. Mji wa Morogoro uko kama nyuzi 6.82 kusini ya Ikweta, na nyuzi 37.66 mashariki ya Greenwich. Uzi mmoja wa kusini ni kama kilomita 111 juu ya ardhi. Basi mtu akitaja nyuzi nzima tu, pasipo tarakimu baada ya nukta, ametaja nchi ya upana wa kilomita 111, na ndani yake ndege amefichwa vizuri sana. Akiongeza tarakimu moja baada ya nukta, amepunguza nchi hiyo kuwa kilomita 11. Kwa tarakimu mbili, imekuwa kama kilomita moja. Kwa tatu, kama mita 110. Kwa nne, mita 11, ambazo ni sawa na urefu wa chumba cha darasa kikubwa. Mwenye tarakimu nne hahitaji kuuliza njia kwa mtu. Huenda moja kwa moja mpaka chini ya mti wenye kiota. Kumbe tarakimu chache tu, ambazo mtoto wa shule aweza kuzifuta, ndizo zitengazo habari ya elimu na habari ya mtego.

Wataalamu wa ndege waliligundua jambo hili, nao wameweka desturi za kulitengeneza. Huko Marekani Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na chama cha Audubon walianzisha mwaka 2002 daftari kubwa la ndege katika intaneti, liitwalo eBird. Watu wa nchi zote, walio wataalamu na wasio wataalamu, huandika humo ndege waliowaona, mahali na siku. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa maandiko ya watu wengi hujulikana ndege gani wanaongezeka, wapi wanapungua, na mwezi gani wanahama. Lakini tangu mwaka 2017 ndege ambao wawindaji na wauzaji huwatafuta sana, kama kasuku wa kijivu wa Afrika, hawaonyeshwi mahali pao halisi. Wasomaji huonyeshwa mraba mkubwa tu wa kilomita 20 kila upande. Mraba kama huo ukichorwa kuizunguka Kingolwira, ungekuwa na vijiji vingi, mabonde na mashamba ndani yake, na mjangili asingejua aanzie wapi. Mahali penyewe hubaki katika daftari, na watafiti wenye haja ya kweli huweza kupewa. Habari haikupotea, bali imewekwa mahali pake.

Hata wataalamu wakubwa hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2011 ilitangazwa aina mpya ya nyoka iliyogunduliwa kusini ya Tanzania, nyoka mzuri wa rangi nyeusi na manjano, mwenye magamba kama pembe juu ya macho. Wagunduzi waliandika sura yake, vipimo vyake na jina lake, lakini msitu alimopatikana hawakuutaja. Waliogopa kwamba wanunuzi wa nyoka wangefika kabla ya walinzi. Hakuna aliyewaita waongo kwa sababu hiyo. Kusema uongo ni kutaja mahali pasipo pa kweli. Kunyamaza juu ya mahali ni jambo lingine.

Mathalani, mwanafunzi mmoja wa Kingolwira apita asubuhi ya mwezi wa Agosti kando ya bonde la mpunga, na kumbe korongo taji wawili wametua majini na kinda wao. Moyo wake wajaa furaha, naye akimbia mpaka kwa mjomba wake, ambaye kwa desturi ya Waluguru ni mkubwa wa kusikilizwa katika ukoo, tena ana simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema?"

"Mjomba, kuna korongo wenye taji bondeni! Twende tuwapige picha, tuwapelekee watu wote."

Mjomba mwenye busara hatamkemea mtoto, wala hatamwambia asahau aliyoyaona. Watakwenda pamoja, watakaa mbali ili ndege wasiogope na kumwacha kinda, nao watapiga picha baada ya kuondoa ile amri ya kuandika mahali. Kisha mjomba atamwuliza, "Mwanangu, ni nani atakayefaidiwa akijua kwamba wako katika bonde hili leo?" Mtoto akifikiri ataona kwamba ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni afisa wanyamapori wa wilaya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoko Morogoro. Hao waambiwe yote, na bonde litajwe kwa jina, tena upesi, kwa maana kazi yao ni kulinda au kuchunguza. Wa pili ni yule mwenye tundu au bunduki. Huyo asipate kitu. Watu wengine wote, walio wengi kabisa, watafurahi kuiona picha na kusoma kwamba korongo taji wenye kinda wameonekana katika mkoa wa Morogoro. Furaha yao haitapungua kwa kukosa jina la bonde. Na mvua zitakaponyesha tena, kinda akiisha kujua kuruka na wazazi wake wakiwa wamehama, habari yote yaweza kuandikwa katika daftari la elimu pasipo hatari kubwa.

Katika mfano huo mambo manne yameangaliwa, nayo ndiyo yafaayo kukumbukwa. La kwanza ni kiumbe: je, ni wa kutafutwa na wakamataji, au ni njiwa tu? La pili ni mahali: je, palipotajwa ni padogo kama mti mmoja, au ni papana kama mkoa? La tatu ni wakati: je, ndege yupo sasa, tena bunduki ziko porini, au amekwisha kwenda zake? La nne ni msikiaji: je, aambiwaye ni mmoja ajulikanaye, au ni dunia nzima? Huenda moja kati ya hayo manne likiwa zito, mengine matatu yakawa mepesi. Lakini yakiwa mazito yote kwa pamoja, busara ni kuzuia.

Walakini iko hatari upande wa pili, nayo isisahauliwe. Mtu aweza kuficha mno. Ndege wa misitu ya Uluguru hawamalizwi na wawindaji hasa. Adui wao mkubwa ni shoka na moto, maana msitu ukikatwa hawana pa kwenda. Mwaka 2008 Serikali iliunganisha misitu ya milima hiyo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye eneo la zaidi ya hektari 24,000. Wataalamu waliona thamani ya misitu hiyo kwa sababu kwa miaka mingi watu walikuwa wamepanda milimani, wakaandika ndege, wanyama na miti ipatikanayo humo na isiyopatikana mahali pengine. Kama watu hao wote wangalinyamaza kwa hofu, nani angalijua kwamba milima hiyo yastahili kulindwa? Kiumbe asiyejulikana hana mtetezi. Tena mjangili naye hupenda siri. Mtu aonapo nyavu zimetegwa, au ulimbo umepakwa matawini, au ndege wamefungiwa matunduni wakingoja kuuzwa, asinyamaze hata kidogo. Hiyo ni habari kama ile ya Nagaland: wauaji wanaijua tayari, na walinzi ndio wasioijua.

Wala yaliyoharibika hayakosi kutengenezwa, watu wakijulishwa vema. Huko Rwanda korongo taji wengi walikuwa wamekamatwa na kufugwa katika nyua za watu na za mahoteli. Tangu mwaka 2014 wenye ndege hao walifuatwa, wakaelezwa, ndege wakahesabiwa na kutibiwa, na wale walioweza kuruka wakarudishwa mwituni katika Hifadhi ya Akagera. Kazi hiyo ilianza kwa habari pia: ni nani anaye korongo, na yuko wapi? Lakini habari hiyo iliwekwa mikononi mwa watu wa kuponya.

Macho makali ni zawadi, na mtoto wa Kingolwira awezaye kumtambua korongo kwa mbali, au kuusikia mlio usio wa kawaida juu ya mti, ameanza njia ya elimu ile ile aliyoipita Loveridge. Aandike aliyoyaona katika daftari lake, siku, saa, hali ya hewa na mahali penyewe. Daftari hilo halina mpaka; limtajie kila kitu. Bali afikapo mahali pa kuwaambia watu wengine, na aukumbuke ule msitu mdogo wa Kimboza, na mikadi yake iliyolala chini. Ndege hawezi kujisemea, wala hawezi kumwomba mtu anyamaze. Aliyemwona ndiye aliyeshika siri yake, na usalama wa ndege yule, kwa siku hiyo, umo mikononi mwake.